Ua la Mgongoni

Gertruda hakupiga hodi. Aliingia na upepo wake, kanga moja kiunoni, nyingine ameikunja mkononi kama mtu anayetafuta wa kumchapa, akasimama katikati ya chumba cha hina.

"Miza binti Mwanaasha, niambie. Mgongo wangu unafanya nini dukani kwa Mzee Nasser?"

Miza alikuwa mkekani akisubiri hina ya mteja ikauke, kidole gumba kikigusagusa maua kwenye simu. Ulikuwa mchezo wa kupotezea wakati tu, umetupwa kwenye kundi la wanawake la harusi ya Lujain, binti wa Mzee Nasser: yanakuja maua tisa, unagusa mawili yanayokupendeza, yanaondoka, yanakuja mengine. Miza aliucheza kila koni ya hina ilipolala chini. Aliinua macho.

"Mgongo wako si huo umekuja nao?"

"Usinitanie, nina hasira. Polikarpo karudi kutoka mjini, kakataa wali, kakataa papa wa nazi, kakaa kitandani na viatu vyake vya ualimu. Namuuliza, baba, tumefiwa? Kimya. Mwisho ndio anatamka: 'Gertruda, nimeukuta mgongo wako umetundikwa kwa vibanio, katikati ya sabuni na chaja za simu.' Kisha akafungua mkoba akanionyesha stika zenye ua langu la harusi. Kazinunua zote, Miza! Kazileta pamoja na mitihani ya darasa la sita."

Mteja, msichana anayesomea uvuvi Mbegani, aliyekuwa amenyoosha mikono yake mbele ya feni, alicheka. Alipoona hakuna anayemsindikiza, akakimeza kicheko chake.

Wapaka hina Bagamoyo ni wengi kama wauza vitumbua, na kila mmoja ana ua lake la mkono na ua lake la mguu. Hayo ni maua ya watu. Bibi harusi huyaonyesha, yakapigwa picha, yakasifiwa, yakasengenywa. Lakini ua la mgongoni lilikuwa la nyumba moja tu. Marehemu Bi Mwanaasha ndiye aliyelianzisha, na masharti akayaweka mwenyewe: mlango ufungwe, simu zibaki nje, kioo kifunikwe. Bibi harusi halioni ua lake. Atasimuliwa na mumewe, na mwanamume asiyejua kusimulia, siku hiyo hujifunza. Baada ya hapo maji na sabuni humaliza kazi, ua likaenda zake.

Halikuwahi kuchorwa kwenye karatasi. Bi Mwanaasha alimfundisha mwanawe nyuma ya sufuria lenye masizi, akichora kwa ukucha. Likitimia, wanachukua majivu na kumbi, wanasugua mpaka sufuria linang'aa. Miza naye alimfundisha hivyo hivyo Ruwaida, mtoto wa mama yake mdogo, aliyekuwa mkono wake wa pili wa kazi. Basi waliolijua ua hilo duniani walikuwa wawili, na wote walikula chungu kimoja.

"Huenda yamefanana," Miza alisema. "Maua hufanana."

"Polikarpo anasema hata pengo lipo."

Miza akaiweka simu chini.

*

Mzee Nasser alikuwa nyuma ya meza ya duka lake, miwani imepanda kipajini, anapekua boksi la vibiriti. Familia yake ilikuwa ikifanya biashara katika mtaa ule tangu enzi za babu yake aliyekuja kutoka Omani, na bado alikuwa na tabia ya babu huyo ya kutokusema bei kabla ya kukuuliza hali ya nyumbani.

"Shikamoo, Mzee Nasser."

"Marahaba, binti Mwanaasha. Wazima? Mikono inafanya kazi? Nasikia mama Lujain amekukabidhi mwali wetu."

Miza hakumsikia. Stika zilikuwa zimetundikwa juu ya kichwa cha mzee, za namna ile unayobandika mwilini, ukapaka hina juu yake, na ukiibandua ua limebaki. Shina liliteremka kutoka chini ya kisogo likafuata uti wa mgongo. Likatoa matawi mawili yaliyopindia mabegani kama mikono ya mtu anayepokea mtoto. Likazungukwa na duara la majani membamba, na upande wa kushoto, chini kidogo ya bega, jani moja halikuwepo.

Pengo lile ndilo lililomaliza ubishi. Bi Mwanaasha alikuwa akisema jicho la hasidi likiingia kwenye ua litazunguka na kuzunguka, basi liachiwe mlango litokee. Kila mpaka hina hufunga duara lake. Ni mwanamke mmoja tu aliyeacha mlango wazi.

"Hizo zinatoka kama maandazi ya asubuhi," Mzee Nasser alisema, akiufuata mtazamo wake. "Na ajabu, wanunuzi wanaume! Alawi wa vipuri vya pikipiki kachukua zote zilizokuwepo. Namuuliza, Alawi, unafungua saluni? Hakunijibu, kanitazama kama mimi ndiye niliyemkosea. Leo mwalimu Polikarpo naye kazoa. Hizi Qais kazichapa sasa hivi, nimemwambia aongeze nyingine nyingi."

Mke wa Alawi alipakwa mgongo na Miza kwa mkono wake huu. Miza akaona mambo yalivyo: mume ananunua ili afiche, duka linachapa, anaficha tena, linachapa zaidi.

"Qais!" mzee aliita. "Njoo, dada yako Miza amependa kazi yako."

Qais alitoka nyuma na kompyuta yake kwapani. Alikuwa kijana mwembamba, kaka wa bibi harusi, aliyerudi kutoka chuo Dar es Salaam na maneno mengi na ndevu chache.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani kakuonyesha ua hili?"

"Hakuna."

"Nani kalichora?"

"Hakuna aliyelichora. Limezaliwa." Alitabasamu kama mtu anayetoa zawadi. Alipoona haikupokelewa, akafungua kompyuta. "Tazama. Mimi naanza na takataka, mistari imetupwa ovyo, haina sura. Watu wanachagua. Yale mawili yaliyochaguliwa nayaozesha. Huyu anatoa mkunjo wake, yule anatoa unene wake, wanazaa. Na kila mtoto natia kasoro kidogo: mmoja jani limepinda, mwingine shina limerefuka. Watu wanachagua tena. Lisilopendwa na mtu linakufa bila mtoto. Fanya hivyo mara nyingi sana, utapata ua ambalo hakuna binadamu aliyelifikiria."

"Kama njiwa wa kufuga."

"Hasa! Mfugaji anachagua, njiwa wanabadilika."

"Na wewe hapo kazi yako ni nini?"

Qais alifikiri. "Kuwaua wasiopendwa."

Miza alimtazama kwa jicho la mtu anayenunua samaki wa jana. "Wachaguaji ni akina nani?"

"Wanawake wa kundi la harusi. Ule mchezo wa maua. Nadhani hata wewe unaucheza."

"Naucheza kwa uvivu, kama mtu anavyotafuna ubani. Ubani haujui mgongo wa mtu." Akainama karibu. "Qais, mwanangu. Mistari ya ovyo haiwezi kuamka asubuhi ikajua pa kuacha jani. Mtu kakupa picha. Sema ni nani, nami sitakutaja."

"Wallahi, programu haijaona picha hata moja. Na sikuweka majina ya wachaguaji, naona tu kwamba mmoja anachagua kuliko wengine wote wakijumlishwa. Hapendi kulala, huyo. Yeye ndiye aliyelivuta mpaka likafika hapo."

"Mmoja," Miza alirudia.

Alichomoa stika moja kwenye kibanio, akaondoka bila kuaga. Njiani kila aliyemwamkia alimwona kama anayeficha kicheko. Mmoja anayechagua kuliko wote. Mmoja anayejua pengo. Ruwaida alikuwa na simu mpya.

*

Ruwaida alikuja baada ya sala ya alasiri kutoka kwao Mlingotini, kichwani kifurushi cha hina aliyoipepeta vizuri. Alikuwa msichana wa kuongea sana. Siku hiyo alikuta chumba kimefagiliwa na Miza ameketi juu ya kiti. Miza hakuwa mtu wa viti.

"Simu hiyo umeipata wapi?"

"Shikamoo kwanza, Da Miza."

"Marahaba. Simu."

"Mjomba Shuaibu kanitumia kutoka Maskati."

"Mjomba Shuaibu hajapata kututumia hata salamu."

Ruwaida alikishusha kifurushi polepole. "Kuna nini?"

Miza akamrushia stika miguuni. Ruwaida aliiokota, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Uso wake ulibadilika, na Miza, ambaye alikuwa amekaa kitini muda wote akiusubiri uso ule ubadilike, akaona amepata alichokitafuta.

"Ulidhani sitalijua? Uliuza kwa ngapi ua la mama yako mkubwa?"

"Mimi?"

"Tuko wawili, Ruwaida. Mimi na wewe na Mungu. Mungu hana simu mpya."

"Da Miza, nimekaa na wewe tangu sijavaa ushungi. Nimesugua masufuria mpaka kucha zimeisha. Leo unaniuliza bei?"

"Kama si wewe, ni nani?"

"Sijui! Kwani kila asichokijua mtu lazima jirani yake awe mwizi?" Machozi yalikuwa karibu, lakini hakuyaruhusu. Akachomoa koni kutoka kwenye mkoba wake, ile yenye ncha nyembamba aliyopewa na Miza siku alipohitimu sufuria, akailaza juu ya mkeka. "Shika. Wasije wakasema na hii niliiiba."

Akatoka. Hina yake akaiacha.

Jioni hiyo hiyo mama Lujain alipiga simu. Habari huko ilikuwa imeshafika, imechinjwa, imepikwa na kupakuliwa.

"Miza, mwanangu. Harusi Ijumaa. Mimi Lujain wangu hapakwi ua linalouzwa pamoja na sabuni, tena katika duka la baba yake mwenyewe. Kama kwako kuna mwizi, njoo kesho umtaje mbele ya wanawake, tumjue, asiguse mwali mwingine mji huu. Na kama humjui, chumbani kwa mwanangu huingii wewe wala yeye."

"Nitamtaja," Miza alisema.

Simu ilipokatika alibaki ameishika. Alijua maana ya neno alilolitoa. Mpaka hina akishatajwa mbele ya wanawake, hata akihamia Kerege atakuta jina lake limemtangulia kituoni. Na Ruwaida hakuwa na kazi nyingine mikononi. Lakini asipomtaja, ua la mama yake litakuwa limekwenda bure, na yeye pia.

Kidole gumba, kwa mazoea, kikaufungua mchezo. Akagusa mawili, akagusa mawili mengine, moyo ukatulia kidogo. Ndipo akakumbuka mchezo ni wa nani, akaizima simu kwa hasira.

*

Sebule ya mama Lujain ilinukia udi na kahawa. Mwenye nyumba alikaa kwenye kochi kubwa kama hakimu, na Lujain mwenyewe, manjano ya singo aliyosuguliwa mwilini bado shingoni, aliegemea mto akisikiliza mambo ya mgongo wake kama vile ni wa mtu mwingine. Gertruda alikuja kama mdai. Ruwaida aliitwa, akaja, akakaa karibu na mlango. Hakumwamkia Miza.

Qais aliruhusiwa kuingia baada ya kila mtu kujistiri, na Gertruda akamwambia, "Ingia baba, lakini macho yabaki kwenye mashine yako. Tumeshaonwa vya kutosha."

"Haya, Miza," mama Lujain alisema. "Taja."

Miza alikuwa amelala juu ya jambo hilo na kuamka nalo. Kumtaja mtu kwa kukisia kulimwia vigumu, japo moyo wake haukuwa na shaka. Alitaka Ruwaida ajitaje.

"Qais anasema mashine haina picha, ina wachaguaji tu. Vizuri. Basi aanze tena na takataka zake, mbele yetu, na Ruwaida achague peke yake. Jicho linalolijua ua lile litalifuata tu. Litamsaliti."

"Zamani watu walikula yamini," Gertruda alisema. "Sasa tunakula simu. Haya."

Ruwaida alinyanyuka bila neno, akakaa mbele ya kompyuta. Kioo kilijaa vipande vya mistari kama makapi juu ya maji. Akagusa viwili. Vikaja vingine. Akagusa. Kahawa ilizunguka, halua ikazunguka, wanawake wakaanza kuongelea bei ya ukumbi, na Ruwaida alikuwa akigusa, uso umekaza. Miza alisimama nyuma yake akitazama kila kidole.

Makapi yakaanza kushikana. Yakawa mistari myembamba inayokatiza, ikakimbilia pembeni, ikajikusanya tena. Hakukuwa na shina wala duara. Mwisho kilichokaa pale kilikuwa kitu kama nyayo za kaa kwenye mchanga wa maji kupwa, nyepesi, zinazokwenda upande usioutarajia. Lujain aliinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Ee, hilo zuri."

"Si lenyewe," alisema mama yake.

"Anakwepa!" Miza alisema. "Anajua tunachokitafuta, anakwenda kinyume makusudi."

Ruwaida aligeuka. Macho yake yalikuwa makavu sasa. "Inawezekana kukwepa?"

"Inawezekana vizuri sana."

"Basi kaa wewe, Da Miza. Ukwepe, tuone."

Mchuuzi aliyekuwa akipita nje na kengele yake alisikika kana kwamba yumo ndani. Miza alikaa. Angefanya nini, akatae? Qais akaitia mashine takataka mpya.

Miza aliweka nia mbele ya Mungu kwamba atachagua mabaya. Haikuwa kazi ngumu mwanzoni, yote yalikuwa mabaya. Akagusa yaliyopinda vibaya, akagusa manene. Lakini baada ya muda kila safari ilimletea tisa, na katika hayo tisa ilimbidi ajue lipi ni zuri ili alikimbie, na akishalijua, alilitazama. Na akilitazama, yaliyobaki yalimkera kama kokoto kwenye wali. Akajiambia, si hili, hili lililo kando yake tu. Lile la kando lilikuwa ndugu yake. Watoto wao walikuja wamefanana na babu.

Hakujua ni lini alipoacha kukwepa. Alijua tu kwamba kidole chake hakikuwa na haraka tena, kilikwenda kama kinavyokwenda kwenye ngozi ya mwali, kwa utulivu ule wa mlango uliofungwa. Shina liliteremka. Matawi yakapinda. Duara likaja, likafunga, na yeye akaona kitu kimebanwa pale, hakipumui. Kwenye tisa yaliyofuata, mashine kwa zile kasoro zake ilikuwa imedondosha jani moja kwenye ua moja, upande wa kushoto. Akaligusa kabla hajafikiri.

"Hilo hapo," Gertruda alisema nyuma yake, sauti chini. "Ndilo alilo nalo Polikarpo mkobani."

Miza aliurudisha mkono mapajani.

Alitaka kusema mashine imemchezea. Alimtazama Qais, akatafuta hila usoni pake, akakuta mshangao. Akatazama kompyuta. Akafikiri juu ya miezi yote ile, kila koni ilipolala chini: amekaa mkekani na mteja mbele ya feni, simu mkononi, anagusa, anagusa, na moyo unatulia, wala hajiulizi unatulizwa na nini. Bi Mwanaasha alipofariki hakuacha picha. Hakuacha chochote kisichofutika kwa sabuni. Na yeye bintiye alikaa akamwita kwa kidole gumba, jani kwa jani, mpaka akaja, mbele ya mji mzima, dukani kwa Nasser.

"Mimi ndiye nisiyelala," alimwambia Qais. "Yule mmoja. Ni mimi."

"Subirini," Gertruda alisema. "Mimi kuna kitu sijakielewa. Polikarpo kanunua mgongo wangu. Alawi naye kanunua mgongo wa nani?"

Hakukuwa na pa kujificha tena. "Wa mkewe. Ua ni moja, Gertruda. Mama alichora ua moja kwa wote."

"Wote?"

"Wote."

Gertruda alihesabu kimoyomoyo harusi anazozijua, akashika kichwa. "Mume wangu kaapa miaka yote hii kwamba halina mfano duniani! Kumbe tumevaa sare!"

Lujain alizika uso kwenye mto akicheka. Lakini mama yake hakucheka. Alikuwa amepeleka mkono nyuma ya bega lake la kushoto, taratibu, kama anayetafuta kifungo.

"Mimi pia alinipaka Bi Mwanaasha," alisema.

Kila mtu akafikiria jambo lile lile kwa pamoja, na aliyelitamka, kwa kuwa lazima atokee mmoja, ni Gertruda. "Polikarpo aliutambua kwa kutupa jicho tu. Mzee Nasser amekaa chini yake mwezi mzima."

"Nasser akivua miwani," mama Lujain alisema kwa heshima yake yote, "hata mimi hunikaribisha kama mteja." Akamgeukia mwanawe. "Qais, nenda kamwambie baba yako azitoe zile stika. Akiuliza kwa nini na zinauzwa, mwambie majibu yako nyumbani."

Qais alitoka mbio. Zilizokwisha kuuzwa hakuna aliyezisema. Miza alijua hata Qais akifuta kila kitu, mchezo ungali kwenye simu za wanawake, na jicho lake lingali kichwani mwake.

Alisimama, akaenda mpaka mlangoni alipokaa Ruwaida, akapiga magoti mbele ya msichana aliyemlea.

"Nilisema nitamtaja mwizi mbele ya wanawake. Nimemtaja. Wewe nilikusingizia. Nisamehe, Ruwaida."

Ruwaida hakumwinua. "Simu kanitumia Mjomba Shuaibu," alisema.

"Najua."

"Hujui. Unaamini tu kwa sababu umeshikwa wewe."

Ilikuwa kweli.

*

Ijumaa asubuhi Miza alimaliza mikono na miguu ya Lujain, maua ya watu, na watu wakayasifu. Kisha Lujain akasema mbele ya mama yake, kwa ile jeuri ambayo bibi harusi huruhusiwa kwa siku moja: "Mgongo sitaki wa sare. Nataka langu, ambalo halijaonwa na jicho la mtu. Wala zile nyayo za kaa, mmeshaziona nyote."

Wanawake wakamtazama Miza. Miza akafungua kitambaa, akatoa koni yenye ncha nyembamba, akamnyooshea Ruwaida, aliyekuja kama mgeni mwalikwa na gauni lake la sherehe.

Ruwaida hakuipokea mara moja. "Nichore nini?"

"Usiniambie."

Aliichukua. Akafunika kioo, akavuta pazia, akakusanya simu zote kwenye kapu, akamkabidhi Miza. "Toka nje, Da Miza. Na wewe."

Miza alikaa kwenye ngazi ya mlangoni, kapu mapajani. Katika mji huu hapakuwa na mgongo wa mke wa mtu ambao hakuujua, na sasa nyuma ya mlango ule kulikuwa na mmoja. Simu zilitetemeka moja baada ya nyingine kama kuku kwenye tenga. Moja iliwaka juu juu, ya mtu gani hakujua, na yale maua tisa yakamtazama. Kidole gumba kilisogea. Akaigeuza kifudifudi, akaikalia.

Ndani ilisikika sauti ya Lujain ikicheka kwa kutekenywa na hina ya baridi, kisha kimya kirefu, kisha mlango ukafunguka upenyo. Ruwaida alikuwa na hina kwenye ncha za vidole na jasho juu ya mdomo.

"Limekaa vizuri?" Miza aliuliza.

"Limekaa."

"Umeacha pengo?"

Ruwaida alimpima kwa macho, kutoka ushungi mpaka kapu. "Bado halijakauka," alisema. "Ukitaka, ingia uone."

Miza alilitamani. Alitamani mpaka shingo ikageuka yenyewe kuuelekea upenyo, na ilimbidi airudishe kwa nguvu.

"Sitaki," alisema. "Jicho langu lina mdomo."

Ruwaida alingoja kidogo, kuona kama atabadili neno. Kisha akaingia, akaurudisha mlango nyuma yake polepole mpaka ukagota, na Miza akasikia komeo likipita.